Kwa Atakayepokea Funguo za Shaba

Funguo ni mbili, zote za shaba.
Usizitie kwenye mnyororo wa chuma kama alivyofanya Andayi,
akaniachia usiku mzima wa mistari iliyolewa.
Kibanda hakina msumari wa chuma hata mmoja.
Nilikipigilia mwenyewe, nywele zangu zikiwa nyeusi,
na nyasi za paa nilizikata kando ya mto Yala.
Baiskeli iache langoni mwa shule. Mkanda, uvue.
Jembe la Mama Esendi, mwombe alilaze ng'ambo ya ua wa mnyaa,
kwa adabu, maana ana mdomo.

Ndani, gizani, sumaku ndogo inaning'inia
kwa uzi mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga.
Kioo chake kinarusha nukta ya mwanga
kwenye karatasi inayoogopa mchana.
Kazi yako ni karatasi hiyo. Basi.

Watakuambia ikweta ni ule ubao wa barabarani hapa Maseno,
wageni wanapopigwa picha, mguu huku, mguu kule.
Sumaku haiujui ubao.
Ikweta yake imepita mbali, huko Uhabeshi,
ndiyo maana hapa kwetu ncha yake ya kaskazini huinua kidevu,
kama mtu aliyeitwa jina toka ng'ambo ya bonde.

Kila siku mstari utapanda kuelekea adhuhuri, utashuka jioni.
Hiyo ni pumzi. Usiniandikie barua.

Dhoruba ni kitu kingine.
Kwanza mstari huruka juu, ghafla, kama aliyekanyaga kaa la moto.
Mgeni wa kazi hufurahi. Wewe usifurahi.
Baada ya saa kadhaa unaanza kushuka, na kushuka,
kwa kuwa huko juu dunia imefungwa mshipi wa umeme
unaozunguka kuelekea magharibi
na kuvuta kinyume cha nguvu yetu.
Ukipiga hesabu ni kidogo, katika mia haifiki moja.
Kuku hawaamki.

Ule usiku wa Machi redio ilisema
watu wa kaskazini ya mbali wameona mbingu nyekundu.
Nikatoka nje kutazama.
Nyota zilezile. Radi ya kimyakimya juu ya ziwa, upande wa Kisumu.
Mbwa wa Esendi akikohoa.
Nikarudi ndani, na pale karatasini
dunia ilikuwa inazama.

Jioni hiyo mpimaji Omukunda alikuwa akiwagawia
wana wa marehemu Khayesi shamba la baba yao.
Kidude chake kinachosema na setilaiti
kikausogeza mpaka hatua nne kuelekea kwa mdogo.
Akapima upya: hatua sita, kuelekea kwa mkubwa.
Kulipokucha mapanga yalikuwa nje.
Nikawaendea na karatasi mbichi, inachuruzika dawa,
nikasema, aliyesogeza mpaka si ndugu yako, ni jua.
Wakanicheka. Wote wawili, kwa pamoja,
na tangu matanga hawakuwa wamecheka pamoja.
Rudini Jumatatu, nikasema,
na hayo mapanga msiyapitishe karibu na kibanda changu.

Kurudi ni polepole, utaona.
Kushuka, saa sita au saba. Kupanda, siku nne, tano,
na Mama Esendi atakuuliza mbona hulali.
Usimwambie mambo ya mshipi. Mwambie unalinda.

Karatasi zilizobaki ni za miezi mitatu.
Mshumaa uko ndani ya chungu, si ndani ya mkebe.

Ningekuja kukuonyesha kwa mikono yangu,
lakini mwezi wa tano, pale Kisumu, walinitia kitu kwenye nyonga.
Daktari anaapa si chuma cha kushikwa na sumaku.
Huenda ni kweli.
Nilifika hadi kwenye mnyaa, nikasimama,
nikaziweka funguo juu ya jiwe.